Kadi za bibi zilivyoniumbua!

Leo sina umbea wa mtu mwingine. Umbea wa leo ni wangu mwenyewe, na nakuomba ukimaliza kusoma usinicheke sana, maana hata wewe una lako umelifunika.

Wanaonifahamu wanajua kwamba tangu nimalize kidato cha nne nina ugonjwa mmoja tu: sindano na uzi. Wenzangu walikimbilia kozi ya kompyuta, mimi nikabaki kibarazani nadarizi. Mama akasema mwanangu utaolewa na kitambaa. Mwaka jana, wakati wa vuli, nikaona nisiugue peke yangu, nikaanzisha mchezo.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unachukua kipande cha kitambaa, marekani inafaa sana, unadarizi kipicha kidogo cha ukubwa wa karata, yaani inchi mbili na nusu kwa tatu na nusu. Nyuma yake unaweka manila, unaandika jina lako, tarehe na jina la picha. Unatengeneza tatu, unaniletea. Zikishatimia napiga kura, kila mtu anarudishiwa tatu za watu wengine. Hakuna kuuziana, ni kubadilishana tu.

Sijaubuni mimi, nisijipe sifa za bure. Kadi za kubadilishana zilianzia Zürich, Uswisi, mwaka 1997, pale msanii M. Vänçi Stirnemann alipoonyesha kadi zake 1,200 na kuwakaribisha watu watengeneze za kwao wabadilishane naye. Sisi tumetia sindano yetu tu. Tuko 12, wa Dar, Tanga na Morogoro, na tunabadilishana masika na vuli. Tuna sheria moja ya kwetu: manila inagundishwa ukingo wa juu tu, ili anayetaka aiinue atazame mgongo wa kazi. Mbele kila mtu anapendeza bwana, ukweli uko mgongoni.

Sasa sikia kasheshe. Katika hao 12, mmoja ni bibi wa Ilala, mzaliwa wa Unguja, ambaye ujanani alikuwa akishona kofia za viua. Macho yake sasa yamechoka, mjukuu ndiye anayemtungia uzi. Kadi zake tatu za masika mwaka huu zilimchukua wiki sita. Alidarizi kuku aliyelowa, kajikunyata chini ya mwembe. Nilipomwona yule kuku nilicheka peke yangu, maana alikuwa na uso wa mtu aliyekosa daladala.

Siku ya kwenda kuzituma nilipanda daladala ya Kariakoo. Mvua inanyesha, watu tumebanana kama dagaa, bahasha kubwa kwapani, ya bibi mkononi kwa sababu nilikuwa nazionyesha kwa shosti wangu. Nikashuka, nikaruka dimbwi, nikafungua mwavuli. Mkono mtupu! Gari lile limeshaondoka. Nilikimbia nyuma yake mpaka kandambili ikakatika. Jioni nikaenda kituoni kuulizia, makondakta wananitazama kama nimerukwa na akili. Kadi za nini dada, za harusi?

Hapo msomaji wangu ndipo nilipokosea. Ningesema tu, "Jamani, nimezipoteza," yangeisha. Lakini mimi ndiye mwenye mchezo, ndiye ninayewakaripia wanaochelewa! Nikaona haya. Nikakesha siku mbili nadarizi kuku watatu waliolowa. Nyuma nikaandika jina la bibi kwa mwandiko wa kutetemesha, hata tarehe. Nikampa kondakta wa basi la Tanga, nyingine Morogoro, ya tatu ikabaki hapa hapa mjini. Nikalala usingizi mnono.

Wiki moja tu, simu ikalia. Binti wa Tanga.

"Dada, hii kadi ni ya bibi kweli?"

"Ya bibi, kwani vipi?"

"Vuli nilipata ya kwake. Niliinua manila sikuona hata fundo moja. Hii ina mafundo saba, nimeyahesabu."

Nilitaka kuzuga, nikasema labda macho ya bibi. Akanyamaza. Ule unyamavu ulinichoma kuliko matusi. Nikamwambia kila kitu.

Kesho yake nikafunga safari hadi Ilala na sukari kilo mbili. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, karibu chai. Chai ikanishinda. Nilipomaliza kueleza, bibi hakunifokea. Aliuliza kwanza kama kuku wangu walifanana na wake. Nikasema kidogo. Kisha akasema:

"Kupotea si kitu, hata watu hupotea. Ungeniambia ningeshona tena, au nisingeshona, basi. Lakini umeandika jina langu. Sasa huko Tanga mtu anajua bibi fulani kazi yake ina mafundo. Mimi huyo mtu simjui, nitamweleza vipi?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani nimemwibia bibi kadi tatu, kumbe nimemwibia jina alilolishona miaka hamsini.

Akaniagiza nizirudishe zote tatu. Nikawapigia wenyewe mmoja mmoja, nikakiri, zikarudi. Bibi akanikalisha mkekani, akaniambia fumua. Nilifumua kuku wangu watatu mbele yake, uzi mmoja mmoja, mjukuu wake akinichungulia na kucheka. Nyuzi akazikusanya kwenye kopo, hatupi kitu yule.

Baadaye alidarizi kadi moja tu, macho yakakataa. Ilikwenda Tanga. Wale wawili wengine niliwapa za kwangu, zenye jina langu na mafundo yangu. Mmoja alishukuru. Mwingine ameniambia vuli hii hachezi, na sikumbembeleza, haki yake.

Kwa hiyo vuli hii tuko 11, au pengine 10. Mwisho wa kupokea kadi ni Jumamosi na bahasha ya Ilala bado haijafika. Juzi nilipita kumsalimia bibi, sikuthubutu kuuliza. Ila nilipokuwa nakunywa chai nilimwona mjukuu wake kainama dirishani anatunga uzi mwekundu. Unaweza kuwa wa kifungo cha shati tu.

Basi msomaji wangu, kama na wewe umepoteza cha mtu, kaseme leo. Mimi nilichelewa wiki moja, na bei yake nimeiona. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.