Mtumbwi wa Kupulizwa

Binamu yangu aliyeko Ubelgiji ameahidi kumtumia kaka yangu mtumbwi wa kupulizwa wa kuvulia samaki. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, niliambiwa nichague.

Mtumbwi huo una faida zake: ni mwepesi, hukunjwa ukaingia begini, wala hauli mafuta. Ukiongezewa pampu, viraka, nanga ndogo na kishikio cha fimbo ya mshipi, unamfaa mvuvi wa starehe. Lakini ufuo wetu wa Bujumbura una viboko, na Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufika mita 1,470, huchafuka ghafla. Tena riziki ya kaka ni ndagala, wanaovuliwa usiku kwa taa na wavu mpana, kwa mitumbwi ya mbao iliyofungwa pamoja kwa miti. Mpira hauiwezi kazi hiyo.

Nimemwandikia binamu: kwa fedha hiyohiyo, atutumie majaketi ya kuokoa maisha, moja kwa kila mvuvi anayetoka na kaka. Usiku usio na mbalamwezi, ambao ndio wa uvuvi, mama hulala sebuleni akisubiri hodi. Nilichagua nikimfikiria yeye.