Swali la Baba

Mimi ni mtoto wa Nairobi. Baridi niijuayo ni ile ya Julai, tunayoilalamikia kana kwamba dunia inafikia kikomo. Ndiyo sababu nilicheka Jumamosi moja ya mwaka wa 1994 baba alipotuletea kanda ya video ya sinema kuukuu ya Waingereza, "Scott of the Antarctic", iliyotengenezwa mwaka wa 1948. Nilikuwa kidato cha tatu. Mimi nilitaka karate!

Kicheko kilinikatika upesi. Kapteni Scott, anayeigizwa na John Mills, na wenzake wanne wanavuta sleji kwa nguvu zao wenyewe hadi Ncha ya Kusini. Wanafika Januari 1912 na kupata kwamba Amundsen wa Norway amewatangulia kwa siku 34. Safari ya kurudi ndiyo balaa yenyewe. Evans anafariki. Kisha Oates, ambaye miguu yake imeharibiwa na baridi, anajiona mzigo. Anatoka hemani katikati ya dhoruba ili wenzake wapate kuendelea bila yeye.

Baba aliurudisha mkanda nyuma, tukakiona kisa hicho tena.

"Mbona hawakumzuia?" akauliza.

"Baba Kamau, labda walijua hangekubali," mama akamjibu.

Baba hakuridhika. Mzee huyo alikuwa na kisukari, na miaka miwili baadaye, nilipopata nafasi chuoni, alianza kukosa kwenda kliniki. Tukimuuliza, alisema yu mzima na dawa zipo tele. Asubuhi moja niliifungua chupa yake ya vidonge nikaikuta tupu. Nilijua karo yangu ilikotoka. Niliifunga chupa, nikairudisha mahali pake, nikaenda chuoni. Baba alifariki mwaka wa 1997, nami nikahitimu.

Wenzake Oates hawakupona. Watatu waliosalia walifia hemani, kilomita 20 hivi kutoka kwenye ghala la chakula.

Mwezi uliopita binti yangu aliipata sinema hiyo kwenye intaneti, akaniita tuitazame pamoja. Oates alipoinuka, nami niliinuka, nikasema naenda jikoni kuchemsha chai. Nikiwa huko nilimsikia akiita:

"Baba, mbona hawakumzuia?"

Nilifungua mfereji, nikajaza sufuria.