Saa ya Sarajevo



Nilifika Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, nikiwa na shanta moja mgongoni na wasiwasi moyoni. Kwa umri wangu wa zaidi ya miaka hamsini, sikufanana na vijana waliojaa katika nyumba ya wageni niliyofikia. Wala sikutaraji kwamba Ulaya, ambayo nimezoea kuwahadharisha wanangu nayo, ingenipokea kwa adhana.

Jioni ile niliteremka Baščaršija, soko kongwe la mji, ambako mafundi wa shaba hugonga masinia na madele ya kahawa. Kando ya msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa karne ya 16, pana mnara wa saa. Watalii walitazama saa zao za mkono, wakautazama mnara, wakacheka wakidhani umeharibika. Mimi nilitabasamu. Jua lilikuwa likitua, na akrabu zilikuwa zikiikaribia saa 12. Saa ile huhesabiwa kuanzia magharibi, mfano wa tuhesabuvyo sisi Waswahili, na kwa kuwa jua halitui wakati mmoja kila siku, mtunzaji wake huirekebisha kwa mkono.

Msikiti ule, na madrasa iliyoasisiwa 1537, ni wakfu wa mtu mmoja ambao manufaa yake yanaendelea hadi leo. Lakini mji wenyewe umeonja msiba. Tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996 ulizingirwa na kupigwa mizinga kutoka milimani. Maktaba ya taifa iliteketea Agosti 1992. Miswada ya maktaba ya wakfu ilisalimika, kwani watumishi wake waliihamisha kutoka mahali hadi mahali vita vikiendelea.

Asubuhi yake nilipanda Kovači, penye makaburi ya waliouawa. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akifuta jiwe jeupe kwa kitambaa. Limeandikwa 1993. Alipoiona kofia yangu, alilionyesha lile jiwe, kisha akakunja mikono kifuani kama apakataye mtoto. Hakujua lugha yangu, wala mimi yake. Nikainua mikono nikasoma Fatiha, naye akaifuatisha hadi Amin. Kisha akatoa tufaha mkobani akanipa. Niliona haya, maana nilimwendea mfiwa mikono mitupu.

Kabla ya safari, binti yangu aliniomba ruhusa ya kwenda kusoma ugenini. Nilimkatiza kauli, nikamwambia huko dini hupotea. Usiku ule nilimpigia simu. "Mwanangu," nikasema, "nimeona watu wa Ulaya walioishika dini chini ya mizinga. Nikirudi, nieleze ombi lako tena, tangu mwanzo."

Bado sijampa jibu. Nilichompa ni sikio nililomnyima mara ya kwanza, na mashauriano yanaendelea, yeye, mama yake na mimi.

Enyi wazazi wenzangu, kuwahadharisha watoto ni wajibu wetu. Tusiwafungie mlango kabla hawajamaliza kusema.

Wallahu a'lam.