Mchezo, Kitabu na Bilauri

Wako watu hapa Kisangani wanaotushangaa. Husema: mtu mzima, mwenye mke na watoto na kazi ya ofisini, aonaje kukaa mbele ya televisheni akicheza mpira wa mashine kama mtoto wa shule? Wengine hutushangaa kwa ajili ya vitabu. Huuliza tunajitayarishia mtihani gani, kwa maana kwao kitabu husomwa kwa ajili ya diploma tu. Na wengine hukunja uso wakitukuta Jumamosi jioni chini ya mwembe, pamoja na rafiki wawili na chupa ya bia juu ya meza.

Hatukusudii kujitetea. Twataka kueleza tuliyoyaona katika starehe hizi tatu kwa muda wa miaka mingi, kwa sababu wazazi wengi wa kwetu katika komuni ya Tshopo wana hofu juu ya watoto wao, na hofu yao si bure. Lakini wao huuliza: kitu hiki ni chema au ni kibaya? Sisi twaona yafaa kuuliza swali jingine: kitu hiki kina mwisho, na mwisho huo umo mikononi mwa nani?

Tuanze na mchezo. Mashine ya PlayStation ilitolewa kwanza huko Japani na kampuni ya Sony mwaka 1994. Huunganishwa na televisheni, na mchezaji hushika chombo chenye vitufe ambacho vijana wetu hukiita manete, wakifuata Kifaransa. Si kila nyumba ya mji wetu iliyo na mashine hiyo. Kwa hiyo mtu mwenye akili ya biashara hununua mashine moja, televisheni moja na jenereta ndogo, hupanga mabenchi, na vijana hulipa kwa kila mechi. Mchezo upendwao kupita yote ni ule wa mpira wa miguu. Ulianza mwaka 1993 kwa jina la FIFA. Tangu mwaka 2023 waitwa EA Sports FC, ila kwetu jina la zamani lingali midomoni. Humo utazikuta timu za Hispania, za Uingereza na za Ufaransa. TS Malekesa na AS Makiso za hapa kwetu hutazikuta.

Mchezo huo twaupenda kwa kuwa una firimbi. Wawili hucheza, wengine hutazama na kutoa mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba. Dakika chache zikipita, mechi imekwisha. Aliyeshindwa husimama na mwingine huketi mahali pake. Hapo mwalimu hushindwa na mwanafunzi wake wa darasa la sita, naye hana budi kumpa mkono. Kujifunza kushindwa bila hasira si jambo dogo, na wengi hawajifunzi popote.

Kisha uko umeme. Umeme wa mji wetu watoka katika bwawa la mto Tshopo lililojengwa katika miaka ya 1950, na mji umekua sana tangu siku zile. Basi umeme hukatika, hata kama bao la ushindi liko karibu kuingia. Vijana hupiga kelele, nasi hupiga kelele pamoja nao. Lakini tumeona kwamba giza hilo mara nyingi limefanya kazi ya mzazi: kila mtu huondoka, huenda kula, husalimiana na watu wa nyumbani.

Michezo ya simu ni habari nyingine. Mingi imetengenezwa makusudi isiwe na firimbi. Ukifungua leo, wapewa zawadi ndogo; kesho waahidiwa kubwa zaidi; ukikosa siku moja, wapoteza ulichokusanya. Mtengenezaji hupata faida kwa kadiri macho yako yanavyokaa hapo, na kwa pesa kidogo kidogo utakazotoa ili usonge mbele. Kamari ni ndugu yake. Tumemwona mwanafunzi aliyetoka nyumbani asubuhi na pesa za shule, akaziweka juu ya mechi moja, kisha nyingine ili arudishe za kwanza, na jioni hakuwa na za kumlipa hata mtu wa toleka amrudishe kwao kwa baiskeli. Kijana huyo hakuharibiwa na mpira wa televisheni. Aliharibiwa na mchezo ambao mwisho wake ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Iko pia michezo ya bunduki. Nyumbani mwetu yupo shangazi yetu, mzee sasa, ambaye watoto humwita Bibi. Vijana walipokuwa wakicheza vita katika televisheni, yeye alichukua kigoda chake, bila kugombeza, akaenda kukaa jikoni nje. Yakawa hivyo kila mara. Siku moja mmoja wa vijana alimfuata, akamwuliza sababu. Ndipo alipowaeleza yale ambayo hata sisi hatujapata kuyasikia yote kinywani mwake: jinsi kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalivyopigana katikati ya mji wetu, mabomu yakianguka juu ya nyumba za watu wasiokuwa na ugomvi na upande wowote. Mamia ya raia waliuawa katika siku hizo sita. Mwishowe akawaambia hivi: “Ninyi mkifa humo, mwabonyeza kitufe mkafufuka. Sisi jirani yetu tulimzika uani, maana njia ya makaburini haikupitika.”

Hakuwaambia waufunge mchezo, wala sisi hatukuwakataza. Lakini tangu jioni ile mchezo wa bunduki hauchezwi Bibi akiwapo nyumbani. Kanuni hiyo hakuna aliyeiandika.

Mwaka ule ule wa 2000 ndipo Sony ilipoanza kuuza PlayStation ya pili. Ndani ya mashine za namna hii, na ndani ya simu, mna vipande vidogo vyenye madini ya tantali, ambayo hupatikana katika koltani. Nayo koltani nyingi yachimbwa mashariki ya nchi yetu. Viwanda vilihitaji madini hayo kwa wingi, na bei yake ikapanda mara nyingi kuelekea mwisho wa mwaka huo. Wenye silaha wakayagombania machimbo. Kwa sababu hiyo mchezaji wa Ulaya aweza kusema kwamba mchezo ni mchezo tu. Mchezaji wa Kongo hawezi. Hatusemi tuitupe mashine. Twasema kijana aijue imetoka wapi, kama ajuavyo mihogo yake imetoka shamba gani.

Twaja kwenye kitabu. Kitabu hakihitaji umeme mchana, wala hakikuiti usiku. Ukikifunga, chanyamaza mpaka utakapopenda tena. Na kina ukurasa wa mwisho.

Sisi hupenda hasa kutafuta vitabu vyenye kutaja mji wetu. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed wa Unguja, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa, alifanywa liwali wa Stanley Falls na Mfalme Leopold II mwaka 1887. Baadaye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Joseph Conrad alifika hapa mwaka 1890 kwa meli ya mvuke iliyoitwa Roi des Belges, na mwaka 1899 akatoa hadithi yake “Heart of Darkness”. V. S. Naipaul alitoa “A Bend in the River” mwaka 1979. Mji wa kitabu hicho hakuutaja jina, ila msomaji wa hapa autambua, na msimulizi wake ni mwenye duka wa asili ya Kihindi aliyetoka pwani.

Vitabu hivyo vyasomeka vizuri, na mwenye kuvisoma hapotezi wakati wake. Lakini wote watatu walikuwa wapita njia. Wasomao wataona kwamba wenyeji wa mji, wavuvi wa Kiwagenia wenye mitego yao katika maporomoko, mama wauzao samaki, watoto, hawasemi humo ila maneno machache. Tulipowaeleza vijana wetu jambo hilo, yule aliyemfuata Bibi jikoni alinyamaza kidogo. Juma lililofuata alinunua daftari, akaketi karibu na kigoda chake, akaanza kuandika habari za zile siku sita, siku kwa siku, kwa Kiswahili kama alivyozisema mwenyewe.

Hapo ndipo bilauri ilipoingia. Jumamosi moja daftari lilisomwa chini ya mwembe, mbele ya majirani wazee wawili waliokuja kunywa nasi. Wa kwanza alisema hapana, si siku ya pili vita vilipofika daraja la Tshopo. Mwingine alisema ni siku ile hasa, kwa maana yeye alikuwa amejificha karibu na mto. Wakabishana, wakacheka, kisha mmoja wao akanyamaza akatazama bilauri yake, akataja jina la mtoto wake aliyekufa, jina ambalo hatujapata kulisikia kwake kwa miaka yote ya ujirani wetu. Yule kijana akaliandika.

Kwa hiyo hatuwezi kukubaliana na wale wasemao kwamba meza ya bia haina faida kamwe. Huko Kongo meza hiyo imekuwa mahali pa maneno mazito. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta katika mji huu, ulipoitwa Stanleyville. Alijisomea sana jioni, akawa akiandika katika magazeti. Mwaka 1957 alikwenda Léopoldville, akapata kazi ya kuuza bia iliyoitwa Polar. Kazi hiyo ilimtembeza katika nganda za mji, na huko watu wengi wakamfahamu na kuyasikia maneno yake. Walioketi pale walikuwa na chupa mbele yao, na habari ya nchi midomoni.

Lakini bilauri nayo yataka mwisho wake ujulikane. Mvinyo wa mchikichi ni mfano mwema. Ukigemwa asubuhi ni mtamu, hata bibi kizee aweza kuunywa; utomvu huo huanza kuchacha wenyewe katika saa chache, na kufika jioni umekuwa mkali. Kinywaji ni kile kile. Saa ndiyo iliyobadilika. Chupa kubwa ya Primus ina sentilita 72: watu watatu wakigawana pamoja na samaki wa kuchoma na lituma, ni mazungumzo, mmoja akimaliza nne peke yake, ni habari nyingine. Na lotoko, ile pombe ya mahindi na mihogo inayokenekwa kwa mvuke, hatuiweki mezani petu. Hakuna aipimaye, nguvu yake haijulikani mpaka imekwisha kukuangusha, na katika kukeneka kwa kubahatisha yaweza kuwamo sumu ya kupofusha macho.

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, akatangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alikuwa na PlayStation, na aliipenda. Mama yake amesimulia kwamba alijiwekea saa moja kwa juma, basi. Watu husimulia jambo hili wakitazama udogo wa ile saa moja. Sisi twatazama zaidi kwamba ni yeye aliyejiwekea. Hakungoja mama apige kelele wala umeme ukatike.

Hivyo nyumbani mwetu tumekubaliana mambo machache. Idadi ya mechi husemwa kabla mashine haijawashwa, si baadaye. Michezo ya simu isiyo na mwisho haichezwi. Mwenye kutaka kucheza na acheze ile yenye mshindi na mshindwa. Pesa haiwekwi juu ya mechi yoyote, hata faranga mia. Bia haifunguliwi pasipo chakula wala pasipo mtu wa pili. Kitabu hakina kanuni, ila atakayekimaliza atuambie kimesema nini.

Wazazi, msiseme tu “acha”. Ketini siku moja kwenye benchi la chumba cha mchezo, mwone watoto wenu wanacheza nini, na nani, na kwa pesa gani. Ninyi wanafunzi, jizoezeni kupiga firimbi wenyewe mkiwa wadogo, kwa maana wauzao starehe ni wengi na hawatawapigia. Daftari la Bibi sasa lina kurasa 31. Mtoto wa jirani ameomba kalamu aandike ya babu yake.