Jane wa Gombe Kwenye Rafu ya Fundi Cherehani

Mimi ni fundi cherehani, na mdoli namwanzia kwenye upindo wa nguo. Uso unafuata baadaye. Wakusanyaji wenzangu wengi hutazama macho kwanza, kisha nywele, kisha wanakagua sanduku kama limebonyea. Mimi naigeuza nguo ndani nje. Ukitaka kumjua aliyekata kitambaa, tazama upande usiotarajiwa kuonekana.

Kwa hiyo mdogo wangu anayeishi Leicester, Uingereza, aliponiletea Barbie wa Jane Goodall, Mwingereza aliyewachunguza sokwe wa msitu wa Gombe, Kigoma, Barbie yule aliyetolewa mwaka 2022 katika mfululizo wa Inspiring Women, sikumwangalia kupitia kioo cha sanduku. Nilichukua mkasi nikafungua. Najua wapo watakaosikitika. Sanduku likishafunguliwa bei inashuka, na kuna watu wanatunza midoli miaka na miaka bila kugusa hata utepe. Hiyo ni akiba, nami sina ugomvi na mtu na akiba yake. Lakini mdoli wa mitindo alitengenezwa avishwe na kuvuliwa. Tangu Ruth Handler alipomtambulisha Barbie wa kwanza New York, Machi 1959, ujanja wa biashara ulikuwa huohuo: mdoli unamnunua mara moja, nguo zake haziishi.

Huyu Jane hana gauni la jioni. Kavaa shati la kaki na kaptura ya kaki, nywele za dhahabu kazifunga mkia nyuma, ana darubini na daftari, na pembeni yake yuko sokwe wake, David Greybeard, mzee wa ndevu za mvi. Kuna kistendi cha kumsimamishia na cheti cha kuthibitisha kwamba ni yeye halisi. Basi. Kwa mdoli wa wakusanyaji ni vitu vichache, na mimi hicho ndicho kilichonipendeza kwanza.

Kaki ni mtihani kwa fundi wa nguo za midoli. Barbie ana urefu wa sentimita 29 hivi, yaani kila kitu chake ni sehemu moja ya sita ya mtu. Mwili umepungua, kitambaa hakipungui. Uzi ni uleule, unene ni uleule. Chukua kaki ya kaptura za shule umshonee mdoli, utaona amevaa katoni: kola inasimama, mshono wa pembeni unavimba, na upindo ukiukunja mara mbili unakuwa mnene kuliko paja lenyewe. Ndiyo maana khanga nzima haimfai. Maua ya mji yanamfunika kifua kizima kwa ua moja, na jina lililoandikwa linaishia kwenye herufi mbili. Waliomshonea Jane wamelijua hilo. Kitambaa chao ni chepesi, kinalala mwilini, na ukiwa hatua mbili mbali macho yanakubali kwamba ile ni nguo ya kazi. Nimeona midoli ya bei mbaya zaidi iliyoshindwa mtihani huo.

Uso? Ni Jane kijana, wa miaka ya kwanza ya Gombe. Kufananisha ni balaa katika mfululizo huu. Mdoli wa Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, alipotoka mwaka 2018 watu walipiga kelele kwamba nyusi zake hazikuungana kama za Frida mwenyewe, na kelele zile zilikuwa za haki. Kwa Jane wamefanya vizuri zaidi, ingawa kwa macho yangu amepambwa kuliko msitu unavyoruhusu. Mtu aliyeamka alfajiri kupanda mlima kwenye umande haonekani hivi. Lakini Barbie ni Barbie. Mwenye kutaka mikwaruzo na jasho atafute picha alizopiga Hugo van Lawick kuanzia mwaka 1962.

Ametengenezwa kwa plastiki iliyotumika ikarejelezwa, na sanduku linajivunia jambo hilo. Sawa. Mimi naishi kwenye nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, nikaanza kwenda sokoni na kikapu kama bibi yangu, halafu ninazo rafu tatu za watu wa plastiki chumbani. Sina la kumfundisha mtu hapo.

Kinachonigusa kwa Jane ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa midoli. Alipokuwa mtoto baba yake alimpa sokwe wa kuchezea, akaitwa Jubilee, jina la mtoto wa sokwe aliyezaliwa kwenye bustani ya wanyama ya London. Akakua naye, akazeeka naye. Na uzeeni, kila alikokwenda kuhutubia, alikuwa na tumbili wa kitambaa anayeitwa Mr. H. Mwanamke anayezunguka dunia na tumbili wa kitambaa mkononi, mbele ya marais, ni mwenzetu kabisa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Ndani ya sanduku kuna mwanamke mmoja na sokwe mmoja. Anayemnunua akiwa Chicago au Paris ataamini kwamba msitu ule ulikuwa na hao wawili tu. Mimi nilisoma habari za Jane tangu shuleni, kwenye klabu ya Roots and Shoots, ile aliyoianzisha hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12, na tulijua vizuri kwamba hakuwa peke yake. Aliposhuka kwenye mashua kutoka Kigoma, tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, alikuwa na mama yake, Vanne, kwa sababu wakubwa wa kikoloni hawakukubali binti akae msituni bila mtu. Alikuwepo Dominic, mpishi. Na mlimani hakupanda mwenyewe: walikuwepo akina Adolf na Rashidi Kikwale, watu waliozijua njia za bonde lile kabla Jane hajalisikia jina lake. David Greybeard ndiye aliyeacha kumwogopa kabla ya wenzake wote, na ndiye aliyeonekana akichovya majani kwenye kichuguu kuvua mchwa, jambo lililowafanya wataalamu waufikirie upya ubinadamu. Anastahili nafasi yake sandukuni. Lakini Rashidi naye?

Nikaamua kumtengeneza.

Nilianza na Ken. Katika mfululizo wa Fashionistas, tangu mwaka 2017, wametoka akina Ken wa rangi na maumbo mbalimbali, na mmoja wa maji ya kunde iliyokolea nilimkuta kwenye mitumba ya Karume, uchi, shavu limechorwa kwa kalamu ya wino. Wino ukiingia kwenye vinili sabuni haifui dafu. Dawa yake ni krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi: unapaka juu ya doa, unafunika na karatasi ya nailoni, unaanika juani, unarudia. Jua la Dar es Salaam, ambalo kwa nywele za midoli ni adui, hapa ni rafiki.

Kichwa kilipotakata nikakitoa. Unakitumbukiza kwenye maji ya moto, yasiwe ya kuchemka, mpaka kilainike, kisha unakizungusha taratibu huku ukivuta. Mtoto wa dada yangu aliniona jikoni nikimnyonga mtu shingo akatoka nje bila kuaga. Lazima kitoke, kwa sababu hatua inayofuata ni asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Kichwa ni vinili laini, kinastahimili. Mwili ni plastiki ngumu, na tone likiangukia kifuani linakiyeyusha. Kwa pamba na kijiti nikafuta tabasamu lote, nikabaki na uso mtupu, nikauchora upya kwa rangi ya akriliki: macho yanayotazama mbali kidogo, mdomo umefungwa, mvi chache kwenye kidevu.

Mwili wa Ken wa kawaida haukunji kiwiko wala goti. Mtu aliyepanda mabonde ya Gombe hawezi kuwa na magoti ya mbao, kwa hiyo kichwa nilikihamishia kwenye mwili wenye viungo. Kazi hapo ni rangi. Shingo na uso vikitofautiana hata kidogo, kila mgeni atauliza. Nilibadilishana na mwenzangu wa Nairobi mpaka nikapata unaolingana.

Nguo ndiyo ilikuwa starehe yangu. Popolini nyeupe, nyembamba, niliyoitia rangi kwa chai ya rangi iliyokolea mpaka ikawa kaki iliyopauka, kisha nikaisuuza kwa maji ya siki mpaka yakatoka meupe. Usiruke hatua hiyo. Kitambaa kinachochuja kikikaa juu ya mdoli kwenye joto letu kinaacha rangi kwenye ngozi yake. Vifungo ni shanga ndogo kuliko kichwa cha pini. Upindo sikuukunja mara mbili. Niliukunja mara moja nikaushika kwa gundi ya kitambaa, na kwa fundi aliyefunzwa na mama yangu, gundi ni dhambi, lakini kwenye sehemu moja ya sita gundi inalala kuliko uzi.

Sasa wamesimama pamoja, Rashidi mbele kidogo, maana ndiye ajuaye njia. Jane kafaidika. Peke yake na darubini alikuwa kama amekuja kupigwa picha. Akiwa na mtu wa kumwuliza, amekuwa kazini.

Jane Goodall mwenyewe alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, nilianza kupigiwa simu na watu wanaouliza kama namuuza mdoli wake. Simuuzi, na sanduku lenyewe nililigeuza la kuwekea vipande vya lesi. Mwenye nia ya kununua wa kwake namshauri hivi: nunua kwa ajili ya nguo na kwa ajili ya David, usinunue kwa kutarajia utajiri. Na usimweke karibu na dirisha.

Watu huniuliza kama namwona bora kuliko midoli yetu mingine ya Kiafrika. Wanamaanisha akina Moja, Mbili mpaka Tano, wale aliowabuni Byron Lars kuanzia mwaka 2001, wenye mapambo ya kupasua macho; au Barbie wa Kenya wa miaka ya 1990, mwenye nywele fupi na vazi jekundu la kuiga la Kimaasai. Wale wa Lars ni kazi ya fundi hasa, ukiwapindua nguo unasema ahsante. Lakini nchi wanayotoka haipo kwenye ramani. Jane anatoka mahali ambapo ukipanda mashua Kigoma utafika, na hilo kwangu lina uzito kuliko manyoya na shaba.

Kwa sasa namtengeneza Hilali Matama. Mwaka 1975, waasi kutoka Zaire walipovuka Ziwa Tanganyika na kuteka watu wanne, wageni waliondolewa Gombe, na kumbukumbu za kila siku za sokwe ziliendelea kuandikwa na Watanzania, Hilali akiwemo. Daftari lake limeshakamilika, kurasa nimezipiga mistari kwa kalamu ya ncha nyembamba. Ninachokosa ni kichwa. Karibu kila Ken ninayemwona amechongwa akicheka, na meno yakichongwa humo humo, asetoni haiyaondoi. Sura ile haimfai mtu anayeandika nani kala nini na saa ngapi. Mwenye Ken mweusi aliyefunga mdomo, tuwasiliane tubadilishane. Ninaye Barbie wa Kenya wa ziada, sanduku limefunguliwa, nguo zimekamilika.