Bunduki nyepesi

Hapa kwetu Katanika kijana mmoja wa kanisa alijitengenezea pupu nyumbani kwa bomba la maji, apate kuwinda. «Baba pasta, ona vile ni nyepesi! Tena haikukula makuta mingi.» Miye nilicheka, nikamuomba aniletee nyama. Sikumkataza.

Wepesi ule ulikuwa wembamba wa chuma. Bomba la maji halikufanywa kuzuia nguvu ya baruti. Lilipasuka, likamkata vidole vitatu. Sheria yetu ya 1985 nayo inadai ruhusa ya kuwa na silaha.

Leo nikimuona anavuta wavu wa ndagala kwa taabu, kicheko changu kinanirudia. Mzazi, ukiona mtoto anakata bomba, usicheke. Keti naye, ongeeni mapema.