Ule wa Kusongea Sima

Kuna njia tatu za kupoteza lugha polepole, na kwetu Likoni zote tulikuwa tunaziita uzee. Bibi alipoanza kukwama katikati ya sentensi, mjomba alisema ni uchovu. Jirani akasema kijicho.

Kumbe ugonjwa wenyewe unajulikana. Mwaka 1982, Marsel Mesulam, daktari wa Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa sita walioishiwa na lugha kidogo kidogo huku akili yao kwa mengine ikiwa bado timamu. Mwaka 2011 wataalamu wakakubaliana kuhusu aina tatu. Wa kwanza huongea kwa shida, kama anayevuta mkokoteni, na sarufi inamwangukia njiani. Wa pili anaongea vizuri tu, lakini maana inaondoka: unamtajia mwiko, anakuuliza mwiko ni nini. Wa tatu anajua anachotaka kusema ila neno haliji, na ukimpa sentensi ndefu airudie, inakatika.

Unawatofautisha kwa vijikazi vidogo: taja picha hii, rudia maneno haya, soma. Shida ni kwamba vingi vilitungwa kwa Kiingereza. Yule wa pili hunaswa kwa kusomeshwa maneno kama *yacht*, ambayo herufi zake hudanganya. Kiswahili hakina mtego huo, unasoma kilichoandikwa basi. Halafu kuna kipimo kimoja maarufu cha picha 60, na mojawapo ni nyumba ya barafu. Bibi akishindwa kuitaja hiyo, si ugonjwa. Ni Likoni.

Sarufi nayo? Kwa Kiswahili ungesikiliza ngeli. Lakini mimi nimekulia Umoja, Nairobi, ambako kila kitu ni "ile kitu". Ukitupima hivyo, mtaa mzima utalazwa. Lazima umlinganishe mtu na alivyokuwa yeye mwenyewe, na Bibi ni wa kutukosoa ngeli hata tukiwa tunakula.

Bahati nzuri, mtaalamu wa usemi tuliyempata alikuja na picha zake mwenyewe. Akamwonyesha mwiko.

"Ule," Bibi akasema. "Ule wa... ule wa kusongea sima." Mkono wake ukasonga sima hewani. Neno halikuja, lakini ngeli yake ilikuwepo, sahihi kabisa.

"Bibi, nionyeshe mbuzi."

Mezani kulikuwa na picha ya mnyama na ya kibao cha kukunia nazi. Bibi akacheka. "Wamtaka yupi, wa nyama au wa nazi?"

Basi maana ilikuwa salama. Zikaja sentensi za kurudia. Feri. Sawa. Feri imechelewa. Sawa. Feri imechelewa kwa sababu injini moja imeharibika tangu asubuhi.

"Feri imechelewa... injini..." Akanyamaza, akatazama dirishani. Wueh. Hapo ndipo nilipoumia.

Daktari anaegemea aina ya tatu, logopeniki, ambayo chini yake mara nyingi huwa Alzheimer's. Picha ya ubongo bado, na vijikazi vitarudiwa baada ya miezi kadhaa. Dawa ya kurudisha maneno hakuna. Lakini mjomba, aliyekuwa akimfafanulia vitu kama mtoto wa nasari, ameacha, maana Bibi anavijua. Sasa tunakata sentensi fupi fupi na kusubiri jibu.

"Bibi, chukua leso."

Anachukua.

"Haya. Twende feri."